Programu Inayoaga Bila Kuondoka

Jioni ofisini hakosekani mtu aliyesimama, mkoba begani, akiikodolea macho kompyuta aliyoiamuru izimike. Skrini inamweleza kwamba kuna programu inayozuia kuzima, na programu yenyewe ina jina ambalo hajawahi kuliona maishani. Basi anakandamiza kitufe cha umeme mpaka mashine inyamaze, anaondoka akiilaani. Hasira yake inaeleweka, lakini imemwangukia asiyehusika. Mfumo endeshi unaosubiri kidogo kabla ya kuzima unafanya kazi yake vizuri. Mkosaji ni programu iliyoambiwa itoke ikajifanya kiziwi.

Kuwasha ni rahisi kwa sababu asubuhi hakuna mwenye deni. Kufikia jioni madeni yamejaa: faili uliyodhani umeihifadhi huenda bado imo kwenye kumbukumbu ikingoja zamu ya kushushwa diskini, hifadhidata ina muamala uliofika nusu, na huduma hii inaitegemea ile. Ukitangulia kuuzima mtandao kabla ya programu inayoandika kwenye seva ya mbali, programu hiyo itabaki ikingoja jibu lisilokuja. Ndiyo maana systemd, programu inayowasha na kuzima huduma, iliyoingia kwenye Linux mwaka 2010, huzizima kinyume cha mpangilio zilivyowashwa. Kila moja hupelekewa kwanza ishara ya SIGTERM, namba 15, ambayo kwa hakika ni ombi tu: funga faili zako, utoke. Programu yenye adabu hutoka mara moja. Nyingine ni kama yule mgeni aliyekwisha kusema “haya, mimi naenda,” kisha akashika mlango na kuanza hadithi mpya. Kwa kawaida systemd humvumilia mgeni huyo sekunde 90, halafu huja SIGKILL, namba 9, isiyopokelewa wala kukataliwa, maana programu haiulizwi tena. Kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayoiondoa. Na hata hapo, programu iliyokwama ikingoja diski mbovu inaweza isife mpaka diski ijibu.

Kufa nako kuna taratibu zake. Katika mifumo ya jamii ya Unix, mchakato ukifa ni lazima mzazi wake apokee taarifa ya msiba. Mzazi mzembe asipoipokea, marehemu hubaki kwenye orodha ya michakato akiitwa zombi, na msimamizi chipukizi humpiga SIGKILL mara kadhaa kabla ya kutambua kwamba anamuua aliyekwisha kufa. Dawa ni kumwondoa mzazi. Hapo watoto hurithiwa, kwa kawaida na mchakato namba 1, mlezi wa yatima wote, naye huwazika bila kelele. Angalieni basi nani anabeba mzigo wa uzembe: si aliyeufanya.

Kuna pingamizi zito, na halikutoka kwa wavivu. Umeme hukatika bila kutuma SIGTERM, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa. Ikiwa programu ni lazima ihimili kifo cha ghafla, ya nini kuibembeleza? Mwaka 2003 George Candea na Armando Fox wa Chuo Kikuu cha Stanford walipendekeza programu ambazo njia pekee ya kuzisimamisha ni kuziangusha, na njia pekee ya kuziwasha ni kuzifanya zijiponye. Nawapa nusu ya haki. Mifumo ya faili kama ext4 na NTFS huweka jarida la mabadiliko, kwa hiyo diski huamka salama baada ya ajali. Lakini kwa kawaida jarida hilo hulinda mpangilio wa faili, si aya yako ya mwisho. Waweza kuikuta ripoti mahali pake, ina jina lake sahihi, na ndani hamna kitu.

Wengine watasema simu zimeshalimaliza suala hili, kwa kuwa watu hufuta programu kwa kidole siku nzima na hakuna kinachoharibika. Ni kweli haiharibiki, ila sababu ni kwamba Android huiagiza programu iweke mambo yake sawa mara tu unapoiacha, bila kungoja dakika ya mwisho, kisha mfumo wenyewe huiondoa kumbukumbu inapopungua. Adabu ipo, imetangulizwa tu. Kufuta huko hakuokoi hata chaji, kwani programu italazimika kuanza upya. Mwaka 2016 mteja alipouliza kama kufuta programu kunasaidia betri ya iPhone, Craig Federighi wa Apple alijibu kwamba hakusaidii.

Mahali pamoja tu naungana na yule wa mkoba begani. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kwenye mashine nyingi amri ya Shut down hufunga programu zako lakini kerneli na viendeshi huhifadhiwa diskini vilivyo, ili asubuhi kompyuta iwake upesi. Kiendeshi kilichokwama jana hurudi nacho kimekwama. Restart, ambayo jina lake linaahidi kuwasha, ndiyo inayozima kikamilifu. Kwa hiyo ukitaka kompyuta yako izimike kwelikweli, shikilia kitufe cha Shift unapobofya Shut down.