Waraka kwa wanaoupima mkono wa baba

Kwa wakuu wa vitengo vya fiziotherapia hospitalini,

Baba alipopigwa na kiharusi, nyinyi ndio mliomtoa kitandani hadi akafungua mlango mwenyewe. Fadhila hiyo hatuisahau, nayo ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema lililonikaa moyoni.

Ndani ya mwezi mmoja, kukakamaa kwa mkono wake kuliandikwa kwenye kadi mara tatu: 1+, 3, kisha 2. Nilikuwepo mara zote. Mpimaji wa kwanza alimlaza chali, akangoja pumzi zitulie, ndipo akaukunjua mkono. Wa pili alimkuta kwenye benchi, koti mwilini, ametoka kupanda ngazi. Akauvuta ghafla, kiwiko kikagoma. Kwa 3 hiyo, dozi ya baklofeni, dawa yake ya kulegeza misuli, ikaongezwa. Baba akawa anashinda akisinzia, miguu imemlegea. Ilipotoka 2, hakuna aliyeuliza kama kilichobadilika ni msuli au ni mpimaji.

Mnafahamu kuliko mimi kwamba kipimo hicho ni cha Ashworth, cha mwaka 1964, na kwamba Bohannon na Smith walikirekebisha mwaka 1987 kwa kuongeza hiyo 1+. Katika wagonjwa 30 waliowapima kiwiko, wawili hao walikubaliana kwa asilimia 86.7. Lakini walifuata utaratibu mmoja. Sisi tumechukua namba zao, utaratibu tukauacha mlangoni.

Tangu mwaka 1980, Lance alishaeleza kwamba msuli uliokakamaa namna hii hukaza zaidi kadiri unavyovutwa kwa kasi. Basi namba isiyotaja kasi inamwambia nini daktari? Njia ya Tardieu huuvuta mkono polepole, kisha haraka, na kuandika pembe ulipokwama kila mara. Tofauti ya pembe hizo huonyesha kama tatizo ni msuli unaoshtuka au msuli uliokwisha kufupika; na dawa ya kulegeza haiurefushi uliofupika. Kifaa chake ni goniomita, rula ya plastiki yenye mikono miwili.

Mizani ya dagaa sokoni hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na muuzaji anayepunja hutozwa faini. Kadi ya baba haisemi hata kama alipimwa amekaa au amelala.

Ombi langu halihitaji bajeti. Andikeni mkao, kasi, pembe, saa ya kupima, saa aliyomeza dawa na jina la mpimaji. Na mara mojamoja, wapimaji wawili wampime mgonjwa mmoja bila kuoneshana namba, kisha mkae mzilinganishe.

Alhamisi tunarudi kliniki. Mistari hiyo sita nimekwisha kuichora kwa kalamu kwenye kadi yake. Naomba mtujazie.

Wenu mtiifu,
Mtoto wa mgonjwa