Leta Mvua, Bibi Kaanika Kakao

Mtu wa Kyela akipewa mazimwi sita aunde kikosi cha kupigana, hahitaji kumshauri mtu: ataunda kikosi cha mvua. Sisi tunaoishi kati ya milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa mvua hatuisikii kwenye taarifa ya habari. Inabisha hodi Novemba, Aprili imeshajimilikisha nyumba, Mei ndiyo inaanza kuaga, na kuaga kwenyewe ni kule kwa mgeni anayesimama mlangoni saa nzima akikumbuka habari mpya. Wenzetu wa Dodoma na waunde vikosi vya jua. Kila mtu na kwao.

Gemu yenyewe ni Pokémon, iliyozaliwa Japani mwaka 1996. Aliyeibuni, Satoshi Tajiri, utotoni alikuwa hodari wa kukamata wadudu, na alipoona miji imemeza mashamba na madimbwi akawatengenezea watoto pori jingine, la kwenye kimashine cha mkononi. (Wadudu hao tutakutana nao tena, kwa bahati mbaya.) Leo mazimwi yake yamepita 1,000. Kimashine sisi hatuna. Mpwa wangu wa kidato cha tatu aligundua uwanja wa bure kwenye intaneti uitwao Pokémon Showdown, ambao unafunguka kwenye simu ya kawaida na haufakamii bando. Pale hukamati zimwi wala hulilei. Unaandika jina lake, unalipangia mapigo manne, unaligawia nguvu, kisha unaingia ulingoni na mtu usiyemjua, wa Brazili au Ufaransa, anayekuchapa bila hata ya salamu.

Kikosi cha kwanza cha mpwa wangu kilikuwa cha kutisha kwa macho. Charizard mbele, nyuma yake majoka matano.

“Nani atazuia?” nikamuuliza.

“Mjomba, hapa hakuna cha kuzuia. Ni kuchoma tu.”

Mpinzani hakuwa na haraka. Alitandaza mawe yenye ncha upande wetu wa uwanja, akatulia. Charizard ni wa moto na pia ni wa kuruka, na vyote viwili vinauogopa mwamba, kwa hiyo kutua tu kwenye yale mawe kulimla nusu ya uhai wake, mdomo hajaufungua. Alipoufungua ulikuwa wa kukata roho. Majoka yakafuata kwa foleni na kumkuta Weavile, kijinyama cha barafu chenye kucha na mbio, na katika mambo ambayo joka linayachukia duniani barafu ni la kwanza. Mpwa wangu aliniambia mtandao ulikuwa mbaya. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzuri kuliko siku zote za mwezi ule.

Hapo ndipo nilipoingilia kati. Miaka yangu ya kukaa pembeni ya bao la wazee imenifundisha kwamba mwenye kete nyingi si lazima aondoke mshindi, na nikaona mchezo huu una undugu na ule. Aina za mazimwi ni 18, kila moja ina mbabe wake na karibu zote zina mnyonge wake. Kila zimwi lina pointi 510 za kugawiwa, na eneo moja, liwe mbio, ulinzi au uhai, halipokei zaidi ya 252. Kuna tabia 25 za kuchagua, na ukiondoa tano zisizoongeza wala kupunguza, inayokupa mbio inakunyang'anya kitu kingine. Maana yake hakuna zimwi lililokamilika. Kazi ya muunda kikosi ni kutafuta sita ambao kasoro ya huyu inazibwa na yule, kazi ambayo wazazi wetu waliifanya kwenye posa kwa karne nyingi bila simu.

Kikosi chetu cha mvua kinaanza na Pelipper. Ukimtazama ni mwari, yule ndege wa mdomo wenye mfuko. Akitua tu uwanjani, mvua inaanza: mapigo ya maji yanaongezeka nguvu kwa nusu, ya moto yanapungua nusu, radi haikosei shabaha, na baadhi ya waogeleaji mbio zao zinakuwa maradufu. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya chura mmoja, Politoed, na mvua yake ilikuwa haikatiki mpaka pambano liishe. Ilikera watu hadi mwaka 2011 magwiji wa mchezo huo wakapiga marufuku kumweka mwita-mvua na waogeleaji wale wepesi katika kikosi kimoja. Mwaka 2013 wenye gemu nao wakaikata: raundi tano basi, nane kama mwita-mvua ameshika jiwe lenye unyevu. Nimewaza sana jambo hili. Watu wa mbali, waliokaa pakavu, wakinyeshewa kwenye kioo tu, walilalamika na wakasikilizwa. Kyela tunavushwa mafuriko kwa mtumbwi barabarani na hakuna aliyetukatia ikawa raundi tano.

Nyuma ya mwari tukaweka Zapdos, ndege wa radi, kwa ajili ya ile radi isiyokosea. Tukaweka Ferrothorn, dude la chuma na miiba ambalo adui yake mkubwa ni moto, na moto kwenye mvua hauna meno. Ludicolo aliingia kwa sababu anacheza ngoma. Mpwa wangu hakuwa na hoja nyingine na mimi sikuitafuta. Kingdra aliingia kwa mbio zake. Nafasi ya sita ndiyo iliyoleta kelele, maana nilitaka Mtanzania.

Mtanzania yupo. Katika mazimwi hayo kuna Relicanth, wa maji na mwamba, aliyechorwa kwa mfano wa silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka zama za mijusi wakubwa hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tanga wavuvi wamekuwa wakimtoa kwenye jarife tangu miaka ya mwanzo ya 2000, mpaka akapewa hifadhi yake.

“Huyo ni wa baharini,” mpwa wangu akagoma. “Sisi ni wa ziwani.”

Ana haki ya kuringa. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani, mamia kwa mamia, na wengine vituko vyao vinazidi gemu. Yupo anayejilaza mchangani na mabaka yake akijifanya maiti iliyoanza kuoza. Vidagaa vikisogea kuionja maiti, maiti inavila. Yupo anayeishi kwa kung'ata magamba ya wenzake. Watengenezaji wa gemu wangeshinda wiki moja Matema wangerudi na kazi ya miaka kumi. Lakini mpaka waje, wetu ni huyu wa Tanga, na nikasimama hapo hapo.

Jirani yetu, mzee wa bao ambaye mpwa wangu humwita babu, alipita akaoneshwa picha yake kwenye simu.

“Huyu analiwa?”

“Hapana, babu. Nyama yake ina mafuta ya kuendesha tumbo.”

“Basi mwacheni apigane,” akasema, akaenda zake.

Tatizo la Relicanth ni kwamba anaweza kuwa na kipaji kimoja tu kwa wakati mmoja. Ana pigo la kugonga kwa kichwa, lenye nguvu ya 150, ambalo likimpata mtu amekwisha. Akiwa na kipaji cha kichwa cha jiwe, haumii akilipiga, ila ni mzito, atakufa akijiandaa. Akiwa na kipaji cha kuogelea haraka mvuani anawapita wengi, ila kila akigonga kichwa anaumia nusu ya maumivu aliyompa mwenzake. Na haligongi kila mara. Katika kumi, mawili hupita hewani. Tulibishana jioni nzima. Tukachukua mbio. Halafu kuna aibu ambayo sikumwambia babu: samaki huyu aliyenusurika mamilioni ya miaka, akipigwa na jani, linamwingia mara nne.

Sasa, mama yangu, ambaye ndiye bibi wa kijana, analima kakao. Kyela ndiko kakao ya Tanzania inakotoka kwa wingi, na tangu mwaka 2024, bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, mama amekuwa akizitazama punje zake kwa jicho la mlinzi wa benki. Kakao ukishaivundika lazima uianike, na kuianika kunataka jua. Turubai lilikuwa uani, limejaa, harufu ya siki imetanda hadi barabarani. Anga jeupe. Ndani, mpwa wangu yuko katikati ya pambano, Pelipper ameitwa, na sauti inatoka dirishani:

“Leta mvua! Leta mvua sasa hivi! Imekatika, ilete tena!”

Mama alisimama na reki mkononi. “Kati yenu ni nani anaita mvua humu ndani?”

“Ni gemu, mama,” nikamwambia.

“Na wingu lile ni gemu?”

Tukatoka. Upande wa ziwa lilikuwa limesimama wingu jeusi ambalo dakika kumi zilizopita halikuwepo. Tone la kwanza likagonga bati. “Anueni kakao!” Tulianua kwa ndoo, kwa sinia, kwa kanga, babu wa bao alikuja akishika ncha ya turubai huku akitoa maelekezo, na simu ilibaki peke yake juu ya kigoda, Relicanth akiwa mbele ya adui mwenye uhai kiduchu, saa ikihesabu. Mtandao nao ukaondoka na mvua. Tuliporudi tukiwa chapachapa tulikuta tumeshindwa kwa kuchelewa kucheza.

Hukumu ilitolewa usiku ule: neno mvua lisitamkwe ndani ya nyumba mpaka kakao iuzwe. Mama si mshirikina, anasali kila Jumapili, lakini alisema yeye hafanyi majaribio na mali yake.

Kijana akaja na dawa. Badala ya kusema mvua, tungesema mgeni. Ilifanya kazi vizuri siku mbili tatu. Siku iliyofuata nilitoka kwenda Kyela mjini, niliporudi nikakuta jiko linafuka, sufuria kubwa la wali limefunikwa makaa juu, mbasa wa kukaanga pembeni, na mama amevaa kitenge cha kanisani.

“Mgeni wenu yuko wapi?” akaniuliza. “Tangu asubuhi huyu mtoto anasema mgeni anakuja, mgeni kafika, mgeni kaondoka, muiteni mgeni arudi. Nimempikia.”

Kijana alieleza, macho chini. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

“Mgeni wa raundi tano ndiye nimemchagulia mchele kilo mbili?”

Tuliula wali wote, babu akiwemo, aliyefika kwa kuvutwa na harufu. Mchele wa Kyela hauhitaji mwaliko, na hapa nazungumzia ule wa Kyela kweli, maana kuna magunia huko Dar es Salaam yameandikwa jina letu na hayajawahi kuiona Kasumulu.

Mgeni wa kweli alikuja baadaye, kijana wa Tukuyu, rafiki yake wa shuleni. Dau lilikuwa debe la mchele wetu kwa gunia la viazi vyao. Walikaa barazani jioni, kila mmoja na simu yake, na pambano lilipofunguka sote tukacheka: pande zote mbili, mwari. Tulisahau kwamba Tukuyu nako si jangwani. Basi ikawa mvua juu ya mvua, hakuna anayefaidi peke yake, na mbio tulizojivunia, kwake nako zilikuwepo vilevile. Hapo nilielewa jinsi yule Mkorea, Sejun Park, alivyotwaa ubingwa wa dunia Washington mwaka 2014. Wakubwa wote walileta mazimwi ya kutisha. Yeye alipachika Pachirisu, kindi mdogo ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwaambia maadui “nipigeni mimi” ili wenzake wamalize kazi. Sisi kindi hatukuwa naye. Tulikuwa na waogeleaji na ngoma.

Hata hivyo tulifika mwisho tukiwa tumebaki wawili kwa mmoja. Zapdos wao, Relicanth na Ludicolo wetu. Zapdos anaruka, na anayeruka anauogopa mwamba. Pigo moja la kichwa lingetosha. Giza lilikuwa limeingia. Wale wadudu wa ziwani, wanaosimama juu ya maji kwa mbali ukadhani ni moshi wa meli, walikuwa wamesukumwa na upepo hadi kwetu na kuufuata mwanga wa vioo. Mmoja akatua usoni pa mpwa wangu, mwingine kwenye simu. Akampiga kofi wa kwenye simu. Kidole kikagusa Ludicolo: badilisha. Katika mchezo huu unaweza kufuta uamuzi wako iwapo mwenzako hajaamua. Mwenzake alikuwa ameshaamua. Relicanth akatoka, Ludicolo akaingia akicheza, na kimbunga cha Zapdos, ambacho nacho mvuani hakikosei, kikamkuta katikati ya mdundo. Raundi iliyofuata Relicanth alirudi, akagonga kichwa, akapita hewani. Radi ikafuata.

Mama alilipima debe mwenyewe, akaongeza na mkungu wa ndizi, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Kikosi hatujakibadilisha. Relicanth yupo, Ludicolo yupo, na kijana anasoma sasa namna ya kumpatia yule kindi nafasi. Anayetaka kutupima aje Agosti, anga likiwa jeupe na mtandao unashika, maana Aprili hatutamfungulia. Achukue gari la Matema, aulize nyumba yenye turubai uani, aamkie kwanza, na aje na vocha yake.