Sifa za Mheshimiwa Kutu

Wenye matangi ya matumbawe hawaishi kumsengenya Mheshimiwa Kutu. Shukrani za punda ni mateke. Nani mwingine huingia kazini bila kuitwa? Umekata tawi la tumbawe usiku, mkasi ukauacha juu ya kifuniko cha tangi, "nitauosha kesho." Asubuhi unakuta madoa ya hudhurungi: mwenzio alikesha.

Dukani mkasi uliandikwa kwamba haushiki kutu, nawe ukaamini. Yeye hatishwi na maandishi. Anajua kinachokilinda chuma kile ni utando mwembamba wa oksaidi ya kromiamu tu, na kwamba lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kloraidi ikishapata upenyo huchimba kwenda chini. Juu unaona kitundu cha sindano, ndani ni pango. Tena ana jicho la kuchagua. Chuma cha daraja la 316, chenye molibdenamu, humsumbua, ila hakishiki makali ya maana. Chuma kinachonoleka vizuri kina kaboni nyingi, na hicho ndicho chakula chake. Ukitaka makali, umeshamwalika.

Wala hapendi makuu. Makali yanayong'aa anakuachia wewe, yeye anahamia kwenye ribiti, kwenye kijinafasi ambako maji hujibanza na oksijeni ya kuukarabati ule utando haifiki. Ni kwa heshima yake watu wazima husimama jikoni wakifungua na kufunga mkasi chini ya bomba la maji matamu, wakisugua ribiti kwa mswaki mkuukuu, wakikausha kwa kitambaa, wakidondosha mafuta ya cherehani (kisha wayafute kabla mkasi haujarudi majini). Kuna wanaotaka kumkwepa kwa kununua vifaa vya shaba. Haya, na wanunue: shaba ikiyeyuka tangini huua kamba na konokono. Yeye huacha chembe za chuma, na mwani huzipokea kwa furaha, hata kama mwenye tangi hafurahi.

Siki humng'oa, nakubali, ila mashimo yake hayazibiki. Na akiachwa amalize kazi, mkasi haufunguki tena. Tumbawe lililohukumiwa kukatwa linaendelea kunenepa, likimsogelea jirani yake.