Kwa Heshima ya Dume la Sisimizi

Mfalme Suleimani alimtuma mvivu kwa sisimizi akajifunze kazi, na tangu hapo sisimizi hajakosa wa kumsifu. Walimu wanamtaja darasani, wahubiri mimbarini, wanasiasa kwenye harambee. Sina ugomvi na sifa hizo, ila naona zote zimekwenda upande mmoja wa familia. Kila sisimizi unayemwona akiburuta punje ya sukari iliyomzidi kimo ni jike, mfanyakazi, dada mtu. Kaka yake hatajwi. Na hebu fikiria mvivu ametii kweli, akafunga safari, akafika mlangoni kwa sisimizi siku ya harusi, mvua ya kwanza ikiwa imeanuka. Atakayekutana naye pale nje ni dume: hajabeba punje tangu azaliwe, hajachimba, hajalea, hajapigana, na chakula alikuwa akitiliwa mdomoni na dada zake. Mvivu atarudi kwake ameridhika kabisa.

Huyo ndiye ninayetaka kumpa haki yake leo.

Sifa za kiungwana huanza na nasaba, nami sitavunja desturi. Dume la sisimizi hana baba. Malkia akitaga yai lililorutubishwa hutoka binti. Lisiporutubishwa hutoka dume. Basi bwana huyu ana babu, mzaa mama yake, lakini baba hana na hakuwahi kuwa naye. Yeye mwenyewe akijaliwa kuoa atapata mabinti tu; mtoto wa kiume hatamwona kamwe, ingawa wajukuu wa kiume anaweza kuwa nao. Nitajieni ukoo mwingine wa kifalme usiokuwa na kesi ya urithi kati ya baba na mwana! Hata mzigo wa kurithi kwa wazazi ameupunguza, kwa kuwa kromosomu zake ni nusu ya zile za dada zake. Kule Australia wapo sisimizi wa jenasi Myrmecia ambao dume wao ana kromosomu moja tu. Moja, basi. Sisi tunazo 46 na bado tunapotea njia ya kutoka arusini hadi nyumbani.

Umbo nalo lina maneno yake. Mweke kwenye kiganja, umtazame kwa lenzi. Kichwa ni kidogo mno kwa mwili aliopewa, na sehemu kubwa ya kichwa hicho imechukuliwa na macho mawili makubwa, kisha juu ya paji kuna vijicho vingine vitatu vinavyong'aa, kana kwamba fundi alihofia kwamba mteja hataona. Taya zipo, lakini hazikati kitu cha maana. Kifua kimenenepa kwa misuli ya kurukia. Kiuno chembamba, mbawa nne, za mbele ndefu kuliko za nyuma. Mwiba hana, maana mwiba wa sisimizi ni kiungo cha kutagia kilichobadilishwa kazi, na yeye kutaga hatagi. Kwa ufupi ni macho, mbawa na mbegu. Na mbegu zenyewe alishazitengeneza kabla ya siku ya kuruka. Hana tena kiwanda, ana ghala tu. Nani kati yetu amewahi kwenda kwenye miadi akiwa amejiandaa hivyo?

Watu humwona mvivu kwa sababu hawajui kusubiri ni kazi. Anakaa chini ya ardhi majuma kwa majuma, amekamilika, hana la kufanya, huku dada zake wakimruka na kumkanyaga wakiwa na shughuli. Halafu mvua inanyesha. Siku inayofuata, au hata saa chache baadaye, upepo umetulia, jua limechomoza, udongo ni laini. Huku kwetu Bonde la Ufa hapo ndipo mashimo ya sisimizi wavunaji, wale wakubwa weusi kwa wekundu wanaokusanya mbegu za nyasi, huanza kuchemka. Wafanyakazi wanatoka kwa wingi, hawaendi kutafuta chakula, wanazunguka tu mlangoni kwa hasira isiyo na adui. Mabwana harusi wanachungulia. Wanatoka, wanashtuka, wanarudi. Anayewahi mno kutoka huvutwa mguu na dada yake akarudishwa ndani, maana hali ya hewa haijakubali. Baadaye wale wale dada wanamsukuma nje. Anapanda jani la nyasi, anapepesa mbawa, anashuka, anapanda jingine. Kisha anakwenda, na hatarudi.

Jambo la ajabu ni kwamba mashimo ya eneo zima hufanya hivyo wakati mmoja bila kadi ya mwaliko. Joto, unyevu na utulivu wa upepo ndio washenga. Faida yake inaeleweka: dume wa shimo hili akutane na malkia wa shimo lile, asije akaoa dada yake, na mbayuwayu, mijusi, kerengende na kuku wa jirani washibe kabla hawajawamaliza wote. Dume anachangia sana katika hili la pili. Yeye ndiye karamu. Sijui mwenye harusi mwingine anayelisha wageni wasioalikwa kwa mwili wake mwenyewe, na bila kamati ya maandalizi.

Sisi tunaotafuta malkia kwa mapenzi tu ya kutazama tuna deni kubwa zaidi kwake, ingawa katika maongezi yetu utasikia malkia, malkia. Malkia mwenyewe si rahisi kumwona akiwa hewani. Anayetutangazia ni dume. Ukikuta asubuhi madume wanaelea kwenye ndoo ya maji, wameganda ukutani chini ya taa ya baraza, wameingia kwenye sufuria ya maziwa, ujue kuna mahali karibu harusi imefungwa, na kazi yako sasa ni kuacha kutazama juu ukatazama chini. Ndiyo sababu mpenzi wa sisimizi huonekana ameinama njiani kwa muda mrefu.

"Baba Neema, umeangusha nini?" aliniuliza jirani yangu siku moja, amesimama na ndoo.

"Sijaangusha kitu, mama. Natafuta malkia."

Alinitazama kidogo. "Haya. Ukimpata msalimie," akasema, akaenda zake. Kwa upole ule ule ambao watu huutumia kwa mgonjwa.

Malkia huyo nilimpata, kando ya mfereji, na inafaa nieleze alichokuwa akifanya, maana ndipo utaona jinsi dume anavyosahauliwa haraka. Alikuwa ametua na mbawa zake zote nne. Alisimama, akainama upande, akaupitisha mguu wa kati juu ya bawa na kulibana chini. Bawa likajikunja, likakatika palepale shinani, safi, kwa kuwa lina mstari wa kukatikia. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Hakulitazama hata moja likipeperushwa. Akaanza kukimbia ardhini akipapasa kila ufa kwa vipapasio, akitafuta mahali pa kuchimba. Kifua kipana, tumbo kubwa, mwendo wa mtu mwenye hati ya kiwanja mkononi. Katika aina nyingi za sisimizi, malkia wa namna hii hujifungia shimoni, asile kitu, huku misuli ya mbawa alizozitupa ikiyeyushwa mwilini kuwalisha mabinti wa kwanza, ambao kwa ajili ya uhaba huo hutoka wadogo kuliko dada zao wa baadaye. Wote tunamsifu kwa hilo, na anastahili. Lakini ndani ya tumbo lake kuna mfuko mdogo, na ndani ya mfuko huo kuna mbegu za bwana ambaye muda huo huo yuko chali kwenye majani, anakufa, au ameshaliwa na kuku.

Hesabu basi. Dume huishi saa chache au siku chache baada ya kuruka. Malkia hapandwi tena baada ya siku zile. Anachota kwenye mfuko ule ule maisha yake yote. Ulaya malkia mmoja wa sisimizi mweusi wa bustanini, Lasius niger, alifugwa akaishi zaidi ya miaka 28. Miaka yote hiyo kila binti aliyezaliwa alikuwa na baba, marehemu. Tunawaita wazembe wanaume wanaotelekeza familia. Huyu ametelekeza kwa sababu ya kifo na bado anatoa matunzo kila siku.

Hapa mtu wa Busia au wa Bukoba atanikatiza aseme kwamba anamjua mdudu wa mbawa wa baada ya mvua, na kwamba akikaangwa kwa chumvi ni mtamu. Huyo, ndugu yangu, ni kumbikumbi, na kumbikumbi ni mchwa, ukoo mwingine kabisa. Mbawa zake nne zinalingana, kiuno hana. Wala dume lake si la kulinganishwa na langu: akimpata mwenzi humfuata nyuma kwa nyuma hadi shimoni, wakachimba pamoja, akabaki pale kuwa mfalme maisha yake yote, na malkia, na watoto. Mume wa mfano. Heshima zote nampa, na chumvi kidogo. Bwana wangu hana kiti cha enzi, na hata sufuriani ni nadra kupendwa.

Udhaifu huo wa soko umemlinda. Mwaka 2025 vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, wengi wao malkia wa hao wavunaji wakubwa, waliopangwa kwenye neli zaidi ya 2,000 zenye pamba. Mwezi Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza wao, Mvietnam mmoja na Mkenya mmoja faini ya shilingi milioni 1 kila mtu, au kifungo cha miezi 12. Ilielezwa wakati huo kwamba wafugaji wa sisimizi Ulaya walikuwa tayari kulipa hadi pauni 170 kwa malkia mmoja wa aina hiyo. Malkia aliyekwisha kupandwa, lakini. Asiyepandwa hana thamani kwa mfugaji, kwa kuwa hatapata mfanyakazi hata mmoja. Kwa maneno mengine, kilichokuwa kinauzwa ni kazi ya dume iliyofungashwa ndani ya malkia. Yeye mwenyewe hana bei. Hakuna atakayehangaika kumvusha mpaka akiwa ndani ya neli, wala ofisa wa forodha hatakosa usingizi kwa ajili yake. Sisi wa kutazama tu tunaomwacha malkia aende akachimbe anapotaka, huo ndio utajiri tunaoridhika nao: tunapanga foleni nyuma ya kuku kuhesabu madume, bure.

Wala msidhani ukuu wake ni wa vijijini. Julai 2019 idara ya hali ya hewa ya Uingereza iliona kwenye rada yake wingu juu ya kusini mwa nchi, likionekana kama mvua. Mvua haikuwepo. Walikuwa sisimizi wenye mbawa, madume na malkia, wengi kiasi cha kudanganya mitambo ya serikali. Ni watu wachache sana wanaoweza kudai kwamba siku ya harusi yao ilitangazwa kwenye utabiri wa hali ya hewa.

Nimemweka wa mwisho yule anayestahili kuliko wote, na ambaye bila shaka umeshagombana naye: dume la siafu. Ni yule mdudu wa kahawia, mnene, urefu wa kama kiungo kimoja na nusu cha kidole, anayeingia usiku, akajigonga kwenye taa, akaanguka kwenye mboga, akaburuza tumbo lake refu mezani huku mbawa zikinguruma. Watoto wanapiga kelele, mgeni anainua miguu. Wachache wanajua kwamba huyo ni siafu, kwa sababu hafanani na siafu kwa lolote. Yuko tofauti kiasi kwamba hata wataalamu walimkuta peke yake wakampa jina bila kujua jamaa zake ni kina nani.

Na ugumu wa harusi yake hauna mfano. Malkia wa siafu hana mbawa na hajawahi kuwa nazo. Hatoki kwenda kumlaki mtu hewani. Yuko katikati ya jeshi lake, lile lile linalowakimbiza wenye nyumba kwenye vitanda vyao usiku wa manane. Dume hutoka kwa jeshi jingine, peke yake, gizani, akitafuta njia ya siafu wageni. Akiipata anatua katikati yao. Wanamvamia, wanamkata mbawa, wanamkokota hadi kwa malkia. Yaani ukwe wenyewe ndio unaomvua kanzu mlangoni, na asijue kama anapelekwa chumbani au machinjioni. Anakwenda. Taa yako ya barazani ndiyo iliyompoteza. Isingekuwa hiyo, saa ile angekuwa anakabiliana na taya elfu kadhaa.

Kwa ujasiri huo Linnaeus mwenyewe, mpangaji mkuu wa majina ya viumbe, alimpa nini? Mwaka 1764 alimweleza dume kutoka Afrika Kusini, akamwandika miongoni mwa nyigu. Nyigu, mdudu anayejulikana kwa mwiba wake. Naye hana hata wa dawa. Mshike tu kwa vidole. Atakunja tumbo akuchome kwa nguvu zake zote, na hutasikia kitu.