Kitabu cha Simu cha New York

Fedheha yenyewe bado haijapoa. Jana adhuhuri, katika ofisi ya vifurushi kando ya Barabara ya Uganda, mbele ya hadhara ya watu waliokuwa wakingoja magunia ya vitunguu na vipuri vya trekta, binti wa kaunta alinitaka nifungue bahasha yangu, akakitoa kitabu nilichokilipia kwa fedha za kigeni, akakifunua mwanzo, akakifunua mwisho, kisha kwa taadhima iliyonichoma kuliko tusi akauliza, "Mzee, hii si ile kitabu ya simu ya zamani?" Mama mmoja mwenye mtungi wa maziwa alinyoosha shingo, akanihakikishia kwa huruma kwamba namba hizo siku hizi haziingii.

Nami nilikuwa nimeagiza tarikhi ya Blue Note, kampuni ya santuri za jazi iliyoasisiwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, mhajiri kutoka Ujerumani, pamoja na Max Margulis. Mwuzaji, ambaye sitamtaja kwa kuwa nina adabu asizonazo yeye, alikinadi kuwa "historia kamili". Kilichofika ni diskografia ya Michael Cuscuna na Michel Ruppli ya mwaka 1988, kurasa kwa kurasa za tarehe, nambari na majina ya wapiga tarumbeta, bila hikaya hata moja.

Usiku nilianza kuisoma kwa hasira, na alfajiri ikanikuta ningali naisoma. Maana wapigaji waliporudia wimbo ule ule mara kadhaa, kila mrudio uliohifadhiwa una mahali pake katika daftari, hata msomaji mwenye subira aweza kujua ni upi uliomridhisha Lion na upi uliolala kabatini miaka na miaka. Santuri nayo ina siri zake: katika utepe mtupu ulio baina ya mfuo wa mwisho na karatasi ya katikati, huenda ukaona alama ya Rudy Van Gelder, fundi aliyepata riziki yake kwa kupima watu macho, akirekodi jazi katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack, na ukibahatika utaona kijialama mfano wa sikio, ambacho kwa hakika ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, kilichozichapa santuri hizo hadi kampuni ilipouzwa kwa Liberty katikati ya miaka ya 1960. Kwa ajili ya sikio hilo watu wazima wenye akili timamu hutoa fedha za kununulia ng'ombe wa maziwa. Nisiwacheke, mji wangu wenyewe, kabla haujaitwa Eldoret mwaka 1912, ulijulikana kwa nambari ya shamba, 64, na wazee wangali wakiuita Sisibo.

Kitabu cha Richard Cook cha mwaka 2001, ambacho ndicho chenye hikaya, kilihamia Lodwar pamoja na padri aliyekiazima. Kile cha Richard Havers kilinyeshewa. Dukani nilipoomba historia, nilipewa marudio ya mtihani wa Historia na Serikali.

Hapa kicheko hunikauka. Saa chache kwa matatu kutoka hapa, nyumba ya A. P. Chandarana ya Kericho ilitoa santuri za benga na za Kikipsigis, zama ambazo makundi ya magitaa yalijiita Shirati Jazz na Kapere Jazz bila kuwa na haja yoyote na jazi ya New York. Atakaye habari zake aziokote katika maelezo ya santuri zinazotolewa upya Ulaya, au katika Shades of Benga, kitabu cha Ketebul Music cha mwaka 2017, chenye nchi nzima ya kusimulia. Na mchapishaji akithubutu kufanya zaidi, serikali humngoja mlangoni na kodi ya asilimia 16, iliyopachikwa vitabu mwaka 2013, kana kwamba kusoma ni ulevi.

Majuzi nilimwuliza mzee mmoja, aliyepiga besi Nairobi kwa kampuni iliyokwisha kufungwa, ni nani aliyeshika gitaa la kwanza katika santuri yao fulani. Kabla ya kujibu, alitaka kujua kama nimeleta zile pesa.