Heri Kutumbukia Nyongo

Kila aliyewahi kuchinja kuku analijua onyo la jikoni: litenge ini taratibu, nyongo isipasuke. Ikipasuka, kitoweo kimeharibika, na mwenye kisu atasimangwa mpaka Idi ijayo. Ndiyo maana mambo yakienda mrama tunasema yametumbukia nyongo. Leo nasimama kumtetea mtuhumiwa, kwani pako mahali ambapo jambo lisipotumbukia nyongo ndipo linapoharibika.

Mahali penyewe ni mwanzo wa utumbo mwembamba. Umekula pilau, mafuta yameng'aa hadi kiganjani. Tumbo limeyasukasuka kwa asidi yake, lakini mafuta ni mkaidi: yanajikusanya madonge madonge, na vimeng'enya vya kongosho vinayagusa juu juu tu. Hapo utumbo hutuma homoni kupitia damu, na kifuko cha nyongo kikajikamua. Kilikuwa na akiba ya mililita 30 hadi 50, imepikwa na ini, kisha ikafyonzwa maji hadi ikawa nzito. Mteja wangu anashuka, rangi kijani, uchungu hausemeki, anafanya kile sabuni inachofanya kwenye sufuria ya jana. Donge moja linakuwa matone maelfu. Vimeng'enya sasa vina pa kuuma.

Na adabu aliyo nayo! Yeye mwenyewe hameng'enyi hata chembe, huwaandalia wenzake. Vitamini A, D, E na K, zisizoyeyuka majini, humwomba lifti hadi kwenye ukuta wa utumbo. Kazi ikiisha, karibu asilimia 95 ya chumvi zake hufyonzwa mwishoni mwa utumbo, zikarudi kwenye ini na kutumwa upya, mara kadhaa kwa siku. Laiti chupa za soda zingerudi dukani hivyo. Masalia yanayoponyoka ndiyo yanayokwenda na rangi ya kahawia inayotokana naye, mnayoiona kila asubuhi bila kumshukuru.

Najua upande wa mashtaka utataja mawe ya kwenye kifuko. Kweli, yanauma vibaya. Ila hata daktari akikiondoa kifuko chenyewe, mteja wangu haachi kazi: huchuruzika kutoka kwenye ini moja kwa moja hadi utumboni.

Basi wewe mwenye kisu, ukishaitenga nyongo ya kuku salama, usiitupe huku umekunja uso. Ya kwako inakusubiri umalize kula.