Ughaibuni kwa Basi

Mtu akienda Ujerumani husindikizwa na ukoo mzima, hununuliwa koti, husomewa dua. Mimi nilipopata mkataba wa kufunga mashine za kusafisha mbegu Kitale, mjomba aliuliza tu kama nitakuwa nimerudi kabla ya vuli. Kenya? Si hapo tu, ukishavuka Horohoro? Kwa watu wa Tanga, Mombasa ni jirani wa kuazimana sufuria, na waliamini kuwa Kenya iliyobaki ni Mombasa hiyohiyo, imeendelea tu kuelekea bara.

Hakuna aliyeniambia kwamba Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, si mbali na Mlima Elgon, na kwamba mwezi Agosti mtu wa pwani pale hutetemeka hata jua kali likimwangalia. Niliingia usiku, na shati la mikono mifupi. Mama mwenye nyumba, aliyevaa sweta mbili na kofia ya sufu, alinihakikishia kwamba hiyo haikuwa baridi. Baridi ilikuwa Julai, nimeikosa. Akanipa pole kwa kuikosa, kisha akanionyesha bafu. Juu palining'inia shawa ya umeme yenye nyaya mbili zilizofungwa kwa utepe mweusi.

"Vaa slipa," akasema, "na usiguse bomba."

Kazi yangu ni umeme. Niliyatazama yale maunganisho nikachagua maji baridi. Siku chache baadaye nikafikia uamuzi kwamba kufa kupo tu, na huku kwa maji moto kuna nafuu.

Pesa nazo zilikuwa na vituko vyake. Kwetu noti ya elfu moja ni nauli ya daladala na chenji kidogo, na mkono wangu ulikuwa haujapata habari kwamba tumehama. Alfajiri nikampa muuza mandazi noti ya elfu ya Kenya kwa mandazi ya shilingi 20. Aliitazama noti, akanitazama mimi, akamwita jirani yake aje aone. Mwaka ule wa 2024 shilingi yao moja ilikuwa 20 hivi za kwetu; yaani kabla jua halijachomoza nilikuwa nimetoa elfu ishirini zetu kununua mandazi mawili.

"Tuma na M-Pesa tu, boss."

Sina, nikasema. Laini yangu bado ilikuwa ya Tanzania. Kibanda kizima kikaacha kutafuna. Nchi hii imekuwa ikitumiana pesa kwa M-Pesa tangu 2007. Aliye na noti kubwa na hana M-Pesa ama ni jambazi ama katoka jela. Nikapewa mandazi kwa mkopo, bila shaka ili niondoke.

Mjerumani angeshikwa mkono. Mgeni wa kweli husamehewa, maana hata kuuliza hajui. Mimi nilijua kuuliza, tena kwa adabu zote za Tanga: samahani nakusumbua kaka yangu, naomba unielekeze. Watu wakadhani mimi ni mtangazaji wa redio, au mchungaji aliyepoteza kundi. Mwendesha bodaboda mmoja alinisikiliza mpaka mwisho nikimweleza ninakokwenda, akasema "Amina", akanipakia akanishusha mlangoni pa kanisa. Nauli akakataa.

Jumamosi moja mwenzangu wa kazini akanichukua kwao Bungoma, upande wa Chwele. Tulipita Kamukuywa na Kimilili nyuma ya misafara ya vijana waliokuwa wakikimbia na kuimba, kila mtahiriwa akigonga kengele zake za chinyimba kwa nguvu ya kuamsha kijiji cha pili. Wabukusu, watu wa huko, hutahiri Agosti ya mwaka wa shufwa. Mwaka wa witiri hawana habari nao.

Tulikaribishwa kwa chai ya maziwa na mkate. Ukaja wali, nikaula kwa moyo wote, maana Tanga wali ndio chakula chenyewe. Nikashukuru, nikajinyoosha. Ndipo yakaletwa maji ya kunawa, ukafuata ugali, na kuku. "Haya, sasa tule," akasema baba mwenye nyumba.

Nilikuwa bado nahangaika na firigisi, ambayo kwa heshima niliwekewa mimi, mzee mmoja aliponiuliza, "Kijana, wewe ni rika gani?"

Kila mwanamume wa Kibukusu ana rika kulingana na mwaka aliotahiriwa. Majina ni manane, kina Kolongolo, Nyange, Maina, Chuma na wenzao, nayo huzunguka, kiasi kwamba jina hurudi baada ya kama miaka mia. Nikasema mimi nilitahiriwa 1991.

"Haiwezekani," akasema mzee. "Mwaka huo hapakuwa na jando."

"Tanga lilikuwapo, mzee."

"Ulipakwa matope?"

"Nilipewa biskuti."

"Ulisimama imara?"

"Nililazwa kitandani. Nilikuwa na miaka saba. Nesi alinishika mkono."

Mzee wa pili akaweka tonge lake chini. Wakajadiliana kwa Kibukusu, wakihesabu kwa vidole, na kila mara nikisikia "Tanga" ikitajwa kwa sauti ya msibani. Hatimaye hukumu ikatolewa: 1991 ifutwe, nihesabiwe 1992, niingie rika la Sawa. Biskuti isitajwe tena mbele ya watoto.

Nilirudi Kitale nikitembea kifua mbele. Nikasajili laini ya Kenya, nikampa mwenzangu namba, na ujumbe wa kwanza kuingia ukawa huu: mwanarika wetu wa Kimilili, ambaye sijapata kumwona, kafiwa na mama mkwe, na kila Sawa anatakiwa kuchanga elfu mbili. Elfu arobaini za kwetu! Nikampigia mwenzangu mbio, nikamkumbusha kwamba mimi ni mgeni katika nchi hii.

"Mgeni? Na Kiswahili hicho? Tuma kabla ya saa kumi."